Kuchelewa kwa Tovuti za Afisi: Sababu Zake na Namna ya Kuzirekebisha

Elimu kwa Watumishi na Wananchi

UTANGULIZI

Wapo wenyeji wengi wa Unguja na Pemba wanaoishi Dar es Salaam kwa ajili ya kazi, masomo au ndoa. Chukuliwe mfano wa mmoja wao anayekaa Kawe, Wilaya ya Kinondoni, ambaye anahitaji fomu ya Serikali ili aombe nakala ya cheti. Ameambiwa na jamaa zake kwamba fomu hiyo imo katika tovuti ya Afisi inayohusika. Anaifungua kwa simu yake, anasubiri, na kioo kinabaki cheupe. Anajaribu mara ya pili, bando linapungua, na fomu haionekani. Mwisho anaamua kuomba ruhusa kazini, anateremka bandarini asubuhi, analipa nauli ya boti na kuvuka kuja Unguja kuchukua karatasi ya kurasa mbili.

Mtu huyo amepoteza siku ya kazi na nauli ya kwenda na kurudi. Afisi nayo imelipa ada ya tovuti kwa mwaka mzima bila ya wananchi kufaidika nayo. Hasara hizi haziingizwi katika hesabu yoyote, na kwa sababu hiyo huendelea kwa muda mrefu bila ya kushughulikiwa.

Mara nyingi malalamiko ya namna hii yanapofikishwa katika Afisi, jawabu huwa moja kati ya mawili: ama "mtandao ni mbovu", ama "tuhamishe tovuti". La kwanza halirekebishi kitu. La pili hugharimu fedha, na pengine baada ya kuhama hali hubaki kama ilivyokuwa. Madhumuni ya somo hili ni kueleza kwamba ucheleweshaji una sababu tatu zilizo mbalimbali, nazo ni umbali, msongamano na uzito; kwamba kila moja ina dawa yake; na kwamba haifai kununua dawa kabla ya kupima ugonjwa.

MAANA YA KUPANGISHA TOVUTI

Tovuti ni mkusanyiko wa maandishi, picha na programu unaowekwa ndani ya kompyuta iitwayo seva, ambayo huwaka usiku na mchana ikingoja maombi ya watu. Afisi nyingi hazina seva zao wenyewe. Hupanga nafasi katika seva ya mtu mwingine, kama mpangaji anavyopanga chumba, na mwenye seva hulipwa kwa mwezi au kwa mwaka.

Mwenye seva huweza kuwa popote duniani. Tovuti inayohudumia Mji Mkongwe huweza kuwa imehifadhiwa Ujerumani au Marekani, na mtumishi aliyeifungua kwa miaka mingi asijue. Jina la tovuti halielezi mahali ilipo. Jina linaloishia na .tz husajiliwa chini ya msajili wa majina ya Tanzania, lakini seva yenyewe huweza kuwa ng'ambo. Jina ni kibao cha mlangoni, na kibao huweza kutundikwa katika nyumba yoyote.

SABABU YA KWANZA: UMBALI

Mawasiliano yanayopita katika nyuzi za kioo husafiri kwa mwendo wa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani theluthi mbili ya mwendo wa mwanga angani. Mwendo huo ni mkubwa, lakini una mpaka, na hakuna ada ya ziada inayoweza kuuongeza. Kutokana nao hupatikana kanuni nyepesi: kila kilomita 1,000 za waya huchukua milisekunde 10 kwa safari ya kwenda na kurudi. Milisekunde ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara elfu.

Milisekunde 10 ni kitu kidogo. Tatizo ni kwamba kufungua tovuti hakumalizwi kwa safari moja. Simu iliyoko Kawe hufanya kama mgeni mwenye adabu. Kwanza hupiga hodi na kungoja aitikiwe. Kisha wawili hao hupatana juu ya namna ya kuficha maneno yao ili mpita njia asiyasikie, jambo ambalo huchukua safari moja au mbili. Baada ya hapo ndipo mgeni huelezea haja yake na kungoja kupewa. Kwa hivyo safari tatu hadi nne hukamilika kabla ya herufi ya kwanza kufika.

Tuseme seva iko Ulaya, na njia ya waya kutoka Dar es Salaam ni kilomita 12,000. Kila safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 120, na safari nne ni milisekunde 480, yaani karibu nusu sekunde. Kama seva iko Dar es Salaam au Unguja, umbali wa waya huchukua milisekunde moja au mbili tu. Mitambo ya njiani na minara ya simu huongeza muda wake katika hali zote mbili, lakini tofauti inayoletwa na umbali hubaki pale pale.

Wale waliotumia intaneti kabla ya mwaka 2009 wanakumbuka hali iliyokuwa ngumu zaidi. Wakati huo mawasiliano ya intaneti ya Afrika Mashariki na dunia yalitegemea satelaiti zilizoko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lilipanda na kushuka, na jawabu likapanda na kushuka, jumla ya kilomita 144,000 angani. Safari moja ya kwenda na kurudi ilichukua karibu nusu sekunde, na safari nne zilikaribia sekunde mbili, kabla ya kuhesabu foleni ya watumiaji waliogawana njia hiyo nyembamba na ya ghali.

Mabadiliko makubwa yalikuja tarehe 23 Julai 2009, ulipozinduliwa mkongo wa baharini wa SEACOM unaoziunganisha nchi za pwani ya mashariki ya Afrika na Ulaya pamoja na Bara Hindi. Mwaka uliofuata ulianza kazi mkongo wa EASSy, unaotoka Mtunzini, Afrika Kusini, hadi Port Sudan. Kwa upande wa nchi kavu ulijengwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL. Kasi ikaongezeka na bei ikashuka. Hata hivyo mkongo wa baharini haukuiondoa Ulaya mahali pake. Aliyehifadhi vitu vyake mbali bado hulipia umbali huo kila mara anapofungua.

FUNZO LA MIKONGO ILIYOKATIKA

Umbali hauleti ucheleweshaji peke yake, huleta pia hatari. Waya mrefu hupita mahali pengi, na kila mahali huweza kupatwa na hitilafu. Mwezi wa Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika katika Bahari ya Shamu, SEACOM ukiwa mmojawapo. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu kwa pamoja katika bahari ya kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana, na huduma zilidorora kwa siku kadhaa.

Siku kama hizo huonesha tofauti ya mahali pa kuhifadhi. Mkazi wa Kawe anayetafuta fomu iliyohifadhiwa Ulaya huwa hana njia ya kuifikia mpaka mawasiliano ya nje yatakapopata njia nyengine. Anayetafuta fomu iliyohifadhiwa nchini, kupitia njia za nchini, hahitaji kuvuka bahari ya kusini wala Bahari ya Shamu.

Wakaazi wa Unguja hawahitaji kuelezwa sana juu ya hatari ya kutegemea waya mmoja. Umeme wao hutoka Bara kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Kawe katika pwani hiyo hiyo, hadi Ras Fumba. Hitilafu ya njia hiyo mwaka 2008 iliwaacha takriban mwezi mmoja bila ya umeme huo, na nyengine ilianza Disemba 2009 ikaendelea hadi Machi 2010. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 uliongezwa mwaka 2013. Hekima iliyopatikana katika umeme ndiyo inayotakiwa katika taarifa: kuwa na zaidi ya njia moja, na kuweka karibu kile kinachohitajika kila siku.

JIRANI ANAYEPITIA NG'AMBO

Inawezekana seva ikawa nchini na bado mawasiliano yakazunguka ng'ambo. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini historia ya Nairobi inalieleza vizuri.

Kabla ya mwaka 2000, kampuni mbili za intaneti zilizokuwa mtaa mmoja mjini Nairobi hazikuwa na mahali pa kukutana. Barua ya mteja wa kampuni ya kwanza kwenda kwa mteja wa kampuni ya pili ilipandishwa katika satelaiti, ikafika Ulaya au Marekani, kisha ikarudishwa Nairobi kwa satelaiti nyengine. Kampuni zote mbili zililipa kwa fedha za kigeni ili kupeleka barua upande wa pili wa barabara.

Mnamo Novemba 2000 kampuni hizo zilifungua kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, ambacho ni mahali ambapo kila kampuni huleta waya wake na kukabidhiana mizigo papo hapo. Shirika la simu la nchi hiyo lilipinga, likidai kwamba lina haki ya peke yake, na kituo kikafungwa baada ya muda mfupi. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 kwa niaba ya Internet Society ulionesha kwamba muda wa safari za ndani ya Kenya ulishuka kutoka baina ya milisekunde 200 na 600 hadi baina ya 2 na 10, na kwamba kampuni ziliokoa karibu dola za Marekani milioni 1.5 kwa mwaka.

Dar es Salaam ina kituo kama hicho, TIX, kilichoanzishwa na jumuiya ya watoa huduma za intaneti. Funzo kwa Afisi inayotaka kupanga nafasi nchini ni hili: haitoshi kuuliza "seva yenu iko wapi?" Iulizwe pia: "Je, mmeungana na kituo cha kubadilishana mawasiliano, na kwa njia ngapi?" Mwenye seva Kijitonyama asiyeungana na wenzake huweza kumpeleka mkazi wa Kawe hadi Ulaya kabla ya kumrudisha mwendo wa dakika chache kutoka kwake.

SABABU YA PILI: MSONGAMANO

Nafasi ya bei nafuu hupatikana kwa kuwaweka wapangaji wengi ndani ya seva moja. Ni sawa na nyumba ya vyumba kumi yenye bomba moja uani. Alfajiri maji yanatosha. Ifikapo saa moja asubuhi kila mmoja anataka kuoga, na mpangaji mmoja akijaza mapipa, waliobaki husubiri. Tovuti ya Afisi huweza kuwa nyepesi na kuwa karibu, lakini ikachelewa kwa sababu mpangaji mwenziwe, asiyejulikana, ameelemea bomba.

Msongamano huweza pia kuletwa na Afisi yenyewe. Tovuti nyingi hutumia programu inayoupanga ukurasa upya kila unapoombwa, kwa kuchambua hifadhi ya taarifa. Programu ikiwa ya zamani, au imejazwa viambatisho visivyohitajika, au hifadhi haikuwekewa faharasa, ombi moja huchukua sekunde kadhaa. Ni kama karani anayefungua kabati zima kutafuta jalada moja kwa sababu majalada hayakupewa namba. Kumhamishia karani huyo katika jengo jipya hakumfanyi awe mwepesi.

Dawa yake ni kupanga majalada na kuandaa nakala mapema. Tangazo linalosomwa na watu 1,000 kwa siku halina haja ya kuandikwa upya mara 1,000. Liandaliwe mara moja, nakala iwekwe tayari, na kila anayekuja apewe hiyo. Programu nyingi za tovuti zina uwezo huo, lakini haukuwashwa.

SABABU YA TATU: UZITO

Sababu hii ndiyo ambayo kila Afisi inaweza kuirekebisha yenyewe bila ya kulipa ada mpya.

Ichukuliwe fomu ya kurasa mbili. Afisi ya kwanza imeipiga picha ya rangi kwa mashine ya skana na kuiweka ikiwa na megabaiti 6. Afisi ya pili imeihifadhi moja kwa moja kutoka katika kompyuta ilipoandikwa, na ina kilobaiti 100. Kwa msomaji fomu hizo ni sawa. Kwa simu inayopokea megabiti 2 kwa sekunde, ya kwanza huchukua sekunde 24 na ya pili haifiki nusu sekunde. Watu 500 wakiichukua, fomu ya kwanza hula gigabaiti 3 za mabando yao, na ya pili hula megabaiti 50.

Hali kadhalika picha za hafla. Simu za sasa hupiga picha zenye megabaiti 3, 4 au zaidi kila moja. Picha hiyo ikiwekwa ilivyo katika ukurasa wa mbele, simu ya msomaji huipokea yote na kisha kuionesha kwa ukubwa wa kiganja. Ikipunguzwa upana na kubanwa kabla ya kuwekwa, kilobaiti 150 hutosha na jicho halioni tofauti. Ukurasa wa mbele wenye picha kumi za ufunguzi wa semina huweza kuwa mzito kuliko kitabu cha skuli.

Mlinganisho wa hesabu hizi una maana kubwa. Umbali wa Ulaya ulimchelewesha mkazi wa Kawe kwa nusu sekunde. Uzito wa fomu moja ulimchelewesha kwa sekunde 24. Afisi ambayo ingelikimbilia kuhama ingelipata nusu sekunde na kuziacha ishirini na nne.

KUPIMA KABLA YA KUAMUA

Kipimo hakihitaji mtaalamu kutoka nje. Mtumishi mmoja wa TEHAMA aliye na daftari anaweza kukikamilisha kwa wiki moja, kwa utaratibu ufuatao.

1. Apime kutoka mahali mbalimbali: Afisini, katika shehia ya mjini, Chake Chake, na kwa jamaa aliyeko Dar es Salaam. Apime asubuhi, mchana na usiku. Ucheleweshaji unaotokea saa za kazi tu ni dalili ya msongamano. Unaotokea Afisini tu ni dalili ya mtandao wa ndani ya jengo, na tovuti haina lawama.

2. Atumie amri ya ping, iliyomo katika kompyuta zote, kujua muda wa safari moja ya kwenda na kurudi. Kwa waya, milisekunde chini ya 30 huonesha kwamba seva iko karibu. 150 hadi 200 ni kawaida ya Ulaya. Baadhi ya seva zimezuiwa kuijibu amri hiyo, na hilo lisichukuliwe kuwa ni ubovu.

3. Ikiwa seva inasemekana iko nchini lakini muda ni mrefu, atumie amri ya tracert ili kuona njia. Majina ya miji ya ng'ambo yakijitokeza katika orodha, mawasiliano yanazunguka, na mtoa huduma aulizwe.

4. Afungue tovuti kwa kompyuta, abonyeze kitufe cha F12 na achague sehemu ya mtandao. Huko ataona mambo matatu: muda wa kusubiri kipande cha kwanza, jumla ya uzito, na idadi ya vitu vilivyoombwa.

Baada ya hapo hukumu huwa nyepesi. Kusubiri kukiwa mara tatu au nne ya muda wa ping, ugonjwa ni umbali. Kusubiri kukiwa kwa sekunde nyingi ilhali ping ni ndogo, ugonjwa ni seva au programu. Kusubiri kukiwa kwa muda mfupi lakini ukurasa ukachukua muda mrefu kukamilika, ugonjwa ni uzito.

IKIBIDI KUHAMA

Afisi iliyopima na kuona kwamba umbali au seva ndiyo sababu, ina haki ya kuhama. Kwa taasisi za Serikali ni vyema kuanza na vyombo vilivyowekwa kwa kazi hiyo. Bara ipo Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanza kama Wakala mwaka 2012 na kupewa hadhi ya Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, na kipo Kituo cha Taifa cha Data, Kijitonyama. Zanzibar ipo taasisi yake ya Serikali Mtandao pamoja na Wakala wa Miundombinu ya TEHAMA.

Kabla ya kutia saini mkataba, mtoa huduma yeyote, wa ndani au wa nje, aulizwe yafuatayo: ana njia ngapi za kutokea, umeme ukikatika jenereta huchukua muda gani kushika, wapangaji wangapi hugawana seva moja, nakala za akiba huwekwa wapi na hurejeshwa kwa muda gani, na nani wa kupigiwa simu usiku. Ukaribu peke yake si sifa. Seva ya jirani inayozimika kila umeme unapokatika ni mbaya kuliko ya mbali inayowaka.

Wakati wa kuhama, tovuti inakiliwe katika seva mpya na kujaribiwa kabla ya jina kuelekezwa huko. Siku moja au mbili kabla, muda ambao kompyuta za njiani hukumbuka anwani ya zamani upunguzwe, ili mabadiliko yaenee haraka. Seva ya zamani isifungwe kwa wiki kadhaa. Barua pepe za Afisi zikaguliwe mapema, kwani mara nyingi zimo katika seva hiyo hiyo na husahauliwa.

Ihakikishwe pia kwamba jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la Afisi, wala si la fundi aliyeijenga. Fundi akihama kazi au akikosana na Afisi, jina huondoka naye, na Afisi hubaki ikibisha hodi katika mlango wake wenyewe.

Ikumbukwe vile vile kwamba tovuti iliyohamishiwa nchini inaweza kuendelea kutegemea nje kwa siri. Kurasa nyingi huchota aina za herufi, ramani au vipande vya programu kutoka seva za ng'ambo kila zinapofunguliwa. Mkongo ukikatika, ukurasa uliopo Unguja hukwama ukingoja herufi kutoka Marekani. Vitu hivyo viwekwe pamoja na tovuti yenyewe.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Afisi inayopokea majina, namba za vitambulisho au taarifa za afya kupitia tovuti ipate ushauri wa kisheria kabla ya kuchagua seva ya ng'ambo.

Wapo pia wenyeji walioko Muscat, London na kwengineko, ambao kwao Unguja ndiyo mbali. Kwa ajili yao zipo huduma zinazoweka nakala za kurasa katika miji mingi, ili kila msomaji apewe kutoka mahali palipo karibu naye. Huduma hizo zinafaa kwa matangazo, fomu tupu na hotuba. Hazifai kwa kurasa zenye taarifa za mtu binafsi, ambazo hazitakiwi kuachwa njiani.

KWA WANANCHI

Mwananchi anayeona tovuti inachelewa anaombwa asiishie kulalamika barazani. Aandike siku, saa, mahali alipo, mtandao wa simu anaotumia, na ukurasa aliotaka, kisha apeleke maelezo hayo katika Afisi inayohusika au kwa sheha wake ayafikishe. Sentensi "haifunguki" haimsaidii fundi. Sentensi "Jumatatu saa nne asubuhi, Kawe, fomu ya cheti, nimengoja dakika mbili" humwonesha pa kuanzia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Seva iko umbali wa kilomita 8,000 za waya. Safari nne za kwenda na kurudi huchukua muda gani kwa uchache?

2. Tovuti ina ping ya milisekunde 8, lakini kipande cha kwanza huja baada ya sekunde 5. Je, kuihamisha karibu zaidi kutasaidia?

3. Fomu ya megabaiti 3 inapunguzwa hadi kilobaiti 300. Wananchi 1,000 wakiichukua, ni kiasi gani cha bando kinaokolewa?

Majibu: (1) Milisekunde 320. (2) Hapana, seva au programu ndiyo ya kutazamwa. (3) Takriban gigabaiti 2.7.

HITIMISHO

Watumishi wanaosimamia tovuti wanashauriwa kuanza na kazi isiyo na gharama: kuzifungua fomu zote walizoziweka, kuangalia uzito wa kila moja, na kuzibadilisha zile zilizopigwa picha bila ya sababu. Kisha wapime, waandike, na wapeleke matokeo kwa wakuu wao pamoja na mapendekezo. Kiongozi aliyewekewa namba mezani huamua vizuri kuliko aliyeletewa manung'uniko.

Kipimo cha mwisho ni yule mkazi wa Kawe. Fomu ikimfikia mkononi akiwa amesimama kituoni akingoja daladala, Afisi imefanya kazi yake. Ikimlazimu kupanda boti kuifuata, tovuti hiyo, hata iwe na picha nzuri kiasi gani, bado haijafunguliwa.